Tisa na Sare Mbili

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, kwenye benchi la Khokon muuza chai. Mvua za Srabon, mwezi wa masika, zilikuwa zinadondoka juu ya turubai, Nirapada Maiti ameshika kikombe chake cha udongo, hana habari na mtu, pale Khokon alipomtupia gazeti mapajani.

"Mzee Nirapada, leo chai yako hulipi. Mwanao katuheshimisha mtaa mzima."

"Kafanya nini?"

"Soma mwenyewe. Au nikusomee?"

"Nitasoma."

Alisoma kwa kidole, neno moja moja, kama alivyofundishwa darasa la tatu kabla baba yake hajamtoa shule kumpeleka kiwanda cha magunia. Juu kabisa waliandika: REFA WA JUMAPILI NA REKODI YAKE. Chini zikafuata hesabu. Ashim Maiti ameichezesha klabu ya mtaani kwake, Tarun Sangha, mechi kumi na moja. Tarun Sangha imeshinda tisa na kutoka sare mbili. Haijafungwa hata moja. Penalti sita zimetolewa, zote zao. Jumapili hii atawachezesha tena, na safari hii wanakutana na Bandhab Samity, watu wa ng'ambo ya reli, mechi ya kuamua bingwa wa ligi. Gazeti halikusema zaidi. Halikuwa na haja, maana pembeni liliweka picha.

Kwenye picha alikuwepo Nirapada mwenyewe, meno nje, ameinama mbele ya goli la Tarun Sangha siku ya mwaka mpya. Siku hiyo kila klabu ya mji ule huuombea mlingoti wake wa goli kwa mungu wa kike kabla msimu haujaanza. Kuhani huuvika mlingoti maua ya njano, huupaka alama nyekundu, na mipira hupangwa kwenye sinia la shaba ipate baraka. Juu ya sinia, katikati ya mipira miwili, ilionekana filimbi yenye kamba ya kijani. Kamba ile aliisuka mkwewe Kakoli, mke wa Ashim, kwa mkono wake, na hakuna mpenda mpira mjini asiyeijua, kwa sababu kila Jumapili huiona ikining'inia shingoni mwa refa Ashim.

"Mchezaji wetu wa kumi na mbili!" Khokon alisema, akamwongezea chai bila kuombwa. Watu wa kwenye benchi wakacheka, mmoja akampiga Nirapada begani. Walikuwa wanamsifu, wala hawakujua wanamnyonga.

Nirapada aliacha chai ikapoa. Filimbi ile aliichukua mwenyewe msumarini alfajiri ya mwaka mpya, akaitia mfuko wa shati, hakumwambia mtu. Alikuwa amesikia kwamba msimu huu atakuja mkaguzi kutoka Delhi kumtazama Ashim. Akipita, ataingia jopo la marefa wa taifa, atapanda treni kwenda kuchezesha Goa na Bangalore, ataacha kubeba mitungi ya gesi mgongoni. Asipopita, basi tena, maana mwakani umri utakuwa umemtupa nje. Baba gani hawezi kumwombea mwanawe kwa jambo kama hilo? Naye aliliona jambo dogo. Mungu wa kike hana kadi ya uanachama. Na goli ni goli tu, kipindi cha pili timu hubadilishana, wanaolilinda ndio wanaokwenda kulishambulia.

Mkaguzi alikuwa anafika Jumamosi. Na magazeti hata Delhi yapo.

Nirapada alikunja lile gazeti akabaki na swali moja tu kichwani. Hesabu za marefa zimo kwenye kabati moja mji mzima, na ufunguo wake anao Bhaduri, katibu wa chama cha soka. Nani kalifungua?

Ashim alirudi mchana na mitungi mitano mizito, ile ile aliyotoka nayo. Aliitua uani, akavua shati kabla hajaingia ndani.

"Wa ng'ambo ya reli hawataki," alisema. "Wanasema gesi yangu ina upendeleo."

Kakoli hakucheka. "Na shati?"

"Mavi ya ng'ombe. Yametoka ghorofa ya pili. Wana shabaha, Bandhab wangewasajili hao, wangepata magoli."

"Nani kakurushia?"

"Mwalimu Sarkar."

"Sarkar yupi? Huyu aliyekufundisha hesabu?"

"Ndiyo maana hakukosea."

Kakoli alilitumbukiza shati kwenye ndoo, akalikandamiza chini kama anayemzamisha mtu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa maneno, na siku akiwa na hasira kweli sauti yake ilishuka badala ya kupanda. Sasa ilishuka.

"Huku nako Madan wa duka la vitamu kaleta kasha la sandeshi. Bure. Eti nimpe refa wa nyumbani. Nimemwambia hatukuagiza, akasema, 'Shemeji, kula tu, penalti ya saba iko njiani.' Ng'ambo wanakurushia mavi, huku wanatulisha sukari. Mimi sijui kipi kinanuka zaidi."

"Mrudishie."

"Nimrudishie, halafu kesho nikinunua maziwa kwa nduguye aniuzie maji? Wewe unaishi uwanjani dakika tisini. Mimi naishi mtaani."

Ndipo Nirapada, aliyekuwa amekaa kizingitini na msuli wake umelowa mpaka magotini, akasema, "Ni mimi."

Walimgeukia wote wawili.

"Filimbi niliipeleka mimi. Ashim hakujua. Nilitaka kheri."

Ukutani kwao, upande wa pili, jirani yao Shefali aliacha kukwangua sufuria. Nyumba za mtaa ule, zilizojengwa na kiwanda enzi za kiwanda, zina kuta ambazo mtu akipiga chafya, wa nyumba ya tatu humwombea afya.

"Kwa nini hukuniuliza, Baba?" Ashim alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Alikwenda bombani kuoga, na Nirapada akasikia maji yakimwagika muda mrefu. Afadhali angetukanwa.

Ijumaa Nirapada alivaa shati alilolivaa harusini kwa Ashim, akaenda ofisi ya chama cha soka kusema kweli. Alidhani jambo ni jepesi. Aliyekosa kajitaja, basi asiye na kosa aachiwe.

Alikaa kwenye benchi la koridoni tangu ofisi inafunguliwa. Tarishi alimwambia avute ndala zake ndani, zinazuia watu. Baadaye akamwambia ahame benchi, kuna wageni. Nirapada alizijua benchi za namna ile. Mkewe Malati alikata roho kwenye moja, koridoni hospitali, daktari mkuu akiwa mkutanoni. Tangu siku hiyo hakuona tofauti ya ofisi na ofisi. Wenye viti hukaa ndani, wenye shida hukaa nje, na mlango haufunguliwi mpaka wa ndani ashibe.

Alipoitwa, Bhaduri alikuwa anakula mkate wa kuchoma na yai. Hakumwonyesha kiti.

"Naam, mzee. Umeleta nini?"

"Nimekuja kwa habari ya filimbi, bwana. Katika ile picha, aliyeiweka kwenye sinia ni mimi. Mwanangu hana habari. Mimi ni mshabiki wa Tarun tangu kijana, miaka arobaini sasa, lakini yeye hana timu. Hata nyumbani tukibishana mpira huondoka."

Bhaduri alitafuna polepole. "Sasa wewe umekuja kuniambia kwamba nyumba ya refa ni nyumba ya Tarun Sangha. Unaniambia hivyo kwa mdomo wako."

"Nimesema mimi, bwana. Si yeye."

"Mnalala paa moja?"

Nirapada alivuta ndala zake nyuma.

"Usiogope, mzee. Mimi namwamini Ashim. Wasiomwamini ni watu. Watu wanaona tisa, wanaona sare mbili, wanauliza, kufungwa kuko wapi? Rekodi ya refa ni kama sahani ya chakula. Inataka kila kitu, wali, dengu, na kichungu kidogo. Ya mwanao yote tamu."

"Lakini bwana, Tarun wana miaka miwili hawajafungwa na mtu! Hata akipuliza Ashim, hata apulize shetani."

"Utanifundisha mpira?"

"Hapana, bwana."

"Basi sikiliza. Jumapili atachezesha. Nimempigania. Mkaguzi nitakaa naye mimi mwenyewe jukwaani. Rekodi ikikaa sawa, picha itasahaulika na taarifa itaandikwa vizuri. Isipokaa sawa..." Alifuta vidole kwa kitambaa. "Mimi sijasema kitu. Umenisikia nikisema kitu?"

"Hapana, bwana."

"Vizuri."

Nirapada alikuwa amefika mlangoni alipopata ujasiri. "Bwana katibu, zile hesabu gazeti lilizipata wapi?"

"Gazeti lina waandishi wake," Bhaduri alisema, akavuta sahani karibu. Shemeji yake alikuwa mweka hazina wa Bandhab Samity. Hilo lilijulikana mji mzima mpaka kwa wauza mboga, na hakuna aliyewahi kuliandika gazetini.

"Ahsante, bwana," Nirapada alisema. Njia nzima ya kurudi nyumbani, kilichomuuma kuliko yote ni ile ahsante.

Jumamosi Kakoli alimtolea mume wake wali na dengu, akakaa mbele yake asile.

"Baba keshaniambia aliyoambiwa. Na wewe umepigiwa simu na katibu, nimekusikia. Sasa tuseme."

"Hakuna cha kusema. Nikiona faulo napuliza. Nisipoona sipulizi. Hesabu wanaandika wao, mimi sijawahi kuandika hata moja."

"Miaka kumi na minne unapuliza unachokiona. Tumepata nini? Mgongo wako unalia kama mlango. Mimi nasema hivi, sikutumi kuiba. Mpira una mambo mengi ya katikati, ya kupuliza na ya kuacha. Wewe mwenyewe husema. Hayo ya katikati, kesho yaache."

"Kakoli."

"Niite mara mia. Mechi moja! Mtu akikupa mlango umeegeshwa, wewe unataka mpaka auvunje ndio uone umefunguliwa?"

Ashim alimtazama baba yake. Pengine alitaka asikie neno la mtu mzima, la kukataa. Nirapada alikuwa amelala na jambo hilo usiku wote, na usiku wote alikuwa ameona mitungi. Akajisikia akisema:

"Tarun wakifungwa mara moja hawafi, mwanangu."

Ashim alisukuma sahani. "Miaka arobaini wewe ni Tarun, Baba. Leo ndio umejua hilo?"

Kabla hajajibiwa, Shefali aliingia na bakuli la wali wa maziwa, nyuma yake mwanawe Bapi, winga wa Tarun Sangha, kijana wa miaka ishirini mwenye masikio makubwa na miguu ya mbuzi wa mlimani. Shefali alikuwa akifagia na kuosha vyombo nyumba tatu za matajiri, mumewe alikimbia zamani, na mshahara wa Bapi wa mpira ndio uliokuwa unalipa kodi yao.

"Nyumba hii leo kimya, mmefiwa?" Shefali alisema. "Kuleni. Si rushwa, ni siku ya kuzaliwa ya huyu ng'ombe wangu."

Bapi aliinama akagusa miguu ya Nirapada. "Nibariki, Babu. Kesho nafunga mawili."

"Mbele ya refa unasema hivyo?" Kakoli alijilazimisha kucheka.

"Kaka Ashim uwanjani hanijui, shemeji. Msimu uliopita alinipa kadi nyekundu, jioni akaniazima baiskeli."

Nirapada aliweka mkono juu ya kichwa cha kijana. Maneno ya baraka aliyajua tangu utotoni, lakini siku hiyo yalimpotea, akabaki anamkuna nywele tu.

Jumapili mvua haikukatika. Uwanja wa manispaa ulikuwa supu ya matope, wachezaji wote wamekuwa rangi moja. Nirapada alikaa upande wa Tarun mahali pake pa siku zote, akakaribishwa kama mkwe wa kifalme, akapewa nafasi penye turubai. Jukwaa kuu, chini ya mwavuli mweusi, alikaa mtu wa Delhi, na ubavuni kwake Bhaduri, anammiminia chai.

Bandhab walifunga kipindi cha kwanza, mpira umegonga mgongo wa beki ukapotea njia mpaka wavuni. Halali kabisa. Tarun wakashambulia kama nyuki. Ashim alikimbia vizuri, akapuliza huku na huku, akatoa kadi mbili za haki, na Nirapada akaanza kupumua. Alifikiri, labda itakwisha hivi hivi, wafungwe wenyewe, pasiwe na mwenye dhambi.

Dakika za mwisho Bapi aliupata mpira pembeni. Alimpita wa kwanza, akamzungusha wa pili mpaka akakaa chini, akaingia eneo la hatari. Beki wa mwisho wa Bandhab alikuja kwa miguu yote miwili, bila kuutazama mpira. Mlio ulifika jukwaani licha ya mvua, mkavu, kama tawi. Nirapada alikuwa amesimama bila kujua. Mbele ya Ashim alipita mchezaji mmoja, labda wawili. Ashim mwenyewe alikuwa karibu, umbali wa mtu kumtupia mwenzake chungwa. Mkono wake ulipanda na filimbi ikafika mdomoni.

Kisha mkono ukashuka. Ukanyooka mbele, endeleeni.

Bandhab waliubutua mpira mpaka nje ya uwanja. Bapi alikuwa anapiga tope kwa kiganja na hakuna aliyetazama mpira tena. Mguu wake ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi.

"Mwizi!" Ilianza sauti moja, halafu uwanja mzima. Chupa, ndala, matofali. Khokon muuza chai, aliyekuwa amekaa ubavuni pa Nirapada, alimgeukia akamtemea mate shatini. "Mmelipwa bei gani, mzee? Sema, mmelipwa bei gani?" Na Nirapada, Mungu amsamehe, kwa kuogopa kupigwa alipiga kelele pamoja nao. "Mwizi!" alisema, kwa sauti yake mwenyewe, huku mwanawe akiondolewa uwanjani katikati ya ngao za polisi.

Jumatatu asubuhi dirisha la mbele halikuwa na kioo hata kimoja, na mtu alikuwa amemwaga lami mlangoni. Kasha la vitamu la Madan lilitupwa uani, limejaa kinyesi. Ashim alikuwa amekaa kitandani na plasta juu ya jicho.

Saa nne tarishi wa chama alikuja, akasimama mbali na lami asichafue viatu. Alileta salamu za Bwana Bhaduri. Mkaguzi amefurahi mno. Ameandika kwamba refa ameonyesha ujasiri wa kutotishwa na mashabiki wa nyumbani, na kwamba mwezi ujao aitwe Delhi. "Bwana katibu anasema rekodi sasa ina sura," tarishi alisema. "Na anasema kuhusu yule kijana, chama kinasikitika, lakini matibabu hulipwa palipo na faulo. Na taarifa ya refa haina faulo." Akaondoka.

Kakoli aliuma ncha ya sari yake. Ndilo alilokuwa akilitaka, na sasa alikuwa analitazama kama samaki aliyeoza. "Angalau Delhi," alisema. Akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Nirapada alimkaribia mwanawe mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mvua ilikuwa kubwa." Mara ya pili alisema, "Filimbi huingia maji, najua." Alikuwa anamrushia kamba, ashike yoyote. Ashim alikuwa anafungua na kufunga viganja vyake, hakushika.

Shefali alikuja mchana akitokea hospitali, sari ile ile ya jana, tope limekauka upindoni. Kakoli alimvutia kigoda. Hakukaa. Walingoja apige mayowe, mtaa mzima uliojaa dirishani ulingoja apige mayowe, kwa kuwa angepiga wangejua la kufanya.

"Mfupa umekatika mahali pawili," alisema. "Daktari anasema atatembea. Mpira, hapana. Analia, anasema, 'Mama, Kaka Ashim alikuwa pale pale.' Nikamwambia nyamaza, mwanangu, kulikuwa na mvua, kulikuwa na watu katikati, macho ni macho. Nimemwambia hivyo usiku kucha."

"Shefali, dada yangu..." Kakoli alianza.

"Wewe ngoja. Sikuja kwa hela. Sikuja kwa habari ya klabu wala ya katibu, hao nawajua, nimewaoshea vyombo. Kama hukuona, Ashim, sina neno na wewe, kesho nitakuletea chakula kama kawaida. Lakini jana mguu ule ulikuwa wa mwanangu, na wewe unamjua tangu anatambaa kwenye ua huu."

Nirapada alitazama sakafu. Kakoli alitazama ukuta. Ashim aliinua uso, jicho moja limevimba limefumba, lingine liko wazi, na Shefali akasogea, akapiga magoti mbele yake apate kuliona vizuri.

"Nijibu hili moja tu, nirudi nikamwambie. Ulimwona, au hukumwona?"